Pua Haibishwi

Pua ya mti namba themanini na nane iligeuka manjano saa moja na robo asubuhi, na Mize Faki akajua ana dakika kumi.

Manjano maana yake pua imenusa kitu na inafikiri. Ikimaliza kufikiri, ama inarudi kijani, ama inawaka nyekundu. Na ikiwaka nyekundu basi tena, habari inaruka yenyewe mpaka kituoni, na kutoka kituoni inaruka ng'ambo kwa wenye kampuni ya Pumzi, watu ambao kisiwani Pemba hakuna aliyewahi kuwaona hata kivuli.

"We pua una wazimu," Mize aliiambia. "Umenusa nini? Kwapa langu?"

Pua ilikuwa kidude cha ukubwa wa kiberiti, kimepigiliwa kwenye shina, kina tundu mbili na taa moja. Kila mlangilangi wa Pumzi ulikuwa na yake. Mize mwenyewe ndiye aliyezipigilia nyingi. Kazi yake ilikuwa kuzifuta vumbi na, mara moja kwa mwaka, kuuchoma kila mti sindano ya kuunyamazisha. Sindano ile ikishaingia, mti hautoi ua. Ua linakula nguvu, ndivyo walivyofundishwa kwenye semina, na mti unaopoteza nguvu kwa ua haunyonyi hewa chafu ya kutosha, na hewa iliyonyonywa ndiyo Pumzi wanayoiuza huko kwao. Miti mirefu, imenyooka kama nguzo za umeme, hekta kwa hekta, na hakuna hata mmoja unaonukia. Watu wa kijiji chao, Mkiani, waliiita miti bubu.

Mize akainua kichwa. Themanini na nane ulikuwa bubu kama wenzake. Majani tu.

Halafu upepo ukageuka, na harufu ikamjia.

Jamani. Ilimjia kifuani kabla ya puani. Alikuwa na miaka sita tena, kakaa mapajani kwa marehemu mama yake siku ya Idi, uso wake umezama kwenye shungi la mama, na shungi limejaa maua ya langilangi. Miaka ishirini hajainusa harufu ile. Alidhani ameisahau. Kumbe imekaa tu ndani yake inamsubiri.

Akazunguka nyuma ya mti. Pale palikuwa na kisiki cha zamani, cha enzi za wazee waliokuwa wakiipinda milangilangi iwe mifupi ili wachume maua bila ngazi. Pumzi waliikata yote. Lakini hiki mzizi wake ulikuwa hai, umetoa chipukizi, na chipukizi limekua kimyakimya nyuma ya mgongo wa themanini na nane mpaka limemzidi Mize kimo. Na lilikuwa limechanua. Vijani vya ua virefu, vya manjano, vimelegea na kujisokota kama tambi, na katikati kila ua lina kidoa chekundu. Na juu ya ua moja, nyuki. Nyuki wa kweli, mwenye mabawa!

Dakika tatu zimeshakwenda.

Sheria aliijua kwa moyo: kata, choma, toa ripoti. Usipokata, pampu ya shehia inazimwa mpaka ukate. Na pampu ya Mkiani si kitu cha kuchezea. Bahari imepanda, kila mtu anajua, na nyuma ya ukuta kuna mpunga na visima vya nyumba mia mbili, na kinachoyarudisha maji ya chumvi baharini ni pampu ile tu. Pumzi waliijenga. Pumzi ndio wanaiwasha. Ua moja, pampu moja, ndivyo mkataba ulivyosema.

Mize akachomoa panga. Akalinyanyua. Nyuki akahama ua, akaingia jengine, anashughulika zake, hana habari.

"Potelea mbali!" Mize akasema, na hakujua anamwambia nani. Akatupa panga chini akakimbia.

Nyumba ya shangazi yake, Bi Chumu, ilikuwa ukingoni mwa msitu, na siku ile ilikuwa Alhamisi. Hilo ndilo lililomwokoa. Kila Alhamisi asubuhi Bi Chumu alikuwa akifukiza nguo zake za Ijumaa. Mize aliingia uani kama mwizi, akaipindua kanga iliyotandazwa juu ya chetezo, akakinyakua chetezo na makaa yake na udi wake unaofuka, akageuka mbio.

"Mize! Kanga yangu! Mtoto huyu kaingiwa na nini? Mize!"

Dakika ya nane. Ya tisa. Vidole vinaungua. Alifika, akakiweka chetezo chini ya themanini na nane, akapuliza mpaka machozi yakamtoka, na moshi mzito ukapanda ukiizunguka pua.

Taa ikazimika. Kisha ikawaka tena, taratibu, kijani.

Mize akakaa chini kwenye majani akacheka peke yake. Ujanja huu alikuwa nao kichwani siku zote, hakujua kama siku moja ataufanya. Mwaka wa kwanza Pumzi walipozifunga zile pua, zilikuwa zikiwaka nyekundu kila Alhamisi na kila Ijumaa na kila harusi, maana Pemba nguo wala nyumba hainukii bila udi. Mafundi walichanganyikiwa. Mwisho wakazifunza pua kwamba zikinusa moshi wa udi zifumbe, zisubiri moshi uishe, zianze upya kuhesabu. Wakaona wamemaliza tatizo.

Kwa kweli walimaliza. Tatizo la Mize.

*

"Nilidhani unakwenda kujichoma moto," Bi Chumu alisema alipofika, kavaa ndala mguu mmoja, mwengine peku. Alikuwa mfinyo wa mwanamke, mdogo, mkali, na udi wake ulikuwa ukijulikana kutoka Mkoani mpaka Konde. Alifungua mdomo aendelee kugomba, harufu ikamwingia, akaufunga.

Akaenda nyuma ya mti. Akakaa huko muda. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na hakusema ni moshi.

"Utaukata?" aliuliza.

"Ndiyo kazi yangu, shangazi."

"Sikukuuliza kazi yako. Nimekuuliza utaukata?"

Mize akaangalia chini. "Ile miti bubu haina mbegu. Sindano zimeshaiharibu, hata ukiacha kuichoma haitoi tena. Nimeiona ripoti yao. Ikifika miaka thelathini inaanza kukauka, na wao mkataba wao ni wa miaka thelathini hiyohiyo. Wanaondoka, sisi tunabaki na kuni."

"Hawakutwambia hayo."

"Hawakumwambia mtu."

"Mashetani!" Bi Chumu alitema mate pembeni. "Mashetani wenye suti! Wanatunyang'anya maua, tumenyamaza. Maharusi wanaolewa na maua ya plastiki kichwani kama makaburi ya Wazungu, tumenyamaza. Kumbe na msitu wenyewe wanatuachia maiti?"

"Huu ukizaa, una mbegu. Ndio mmoja tu uliobaki. Maua yanakwisha baada ya wiki tatu, halafu tunda halina harufu, pua haziwezi kulijua. Miezi mitano linaiva."

"Basi wiki tatu za moshi."

"Alfajiri ndiyo linanukia zaidi. Alfajiri na asubuhi."

"Mie alfajiri niko macho toka sijaolewa," Bi Chumu akasema. "Chetezo kimoja hakitoshi. Nitaleta vitatu." Kisha akamshika Mize kidevu, akamgeuza uso. "Na mtu mwengine yeyote asijue. Hata mmoja."

Mize akaitikia. Na hapo ndipo alipokosea. Lakini tusiende mbio.

Wiki tatu walifukiza msitu. Watu waliuliza. Bi Chumu akawaambia pale pana kaburi la babu yake, ameota anataka udi. Nani atabishana na ndoto ya mtu mzima? Maua yakapukutika. Vijitunda vikatoka, vishada vya kijani kama zaituni, vikaanza kunenepa. Popo mmoja akaanza kuja kuvichungulia, Mize akavifunga chandarua. Kila akipita alivihesabu kama mtu anayehesabu watoto wake wakirudi chuoni.

Mwezi wa tano, vikaanza kuiva.

*

Sasa, harusi. Bi Time Kombo alikuwa akimwoza binti yake Ijumaa ile, na Bi Time ndiye mwenye mpunga mkubwa kuliko wote pale nyuma ya ukuta. Mwanamke mrefu, sauti nzito, haonei mtu haya. Miaka mitano nyuma, pua ya mti wa pembeni mwa shamba lake iliwaka nyekundu. Hakukuwa na ua! Aliapa, alilia, alipanda mwenyewe juu ya mti kuonyesha hakuna ua. Msimamizi wa Pumzi, Haroub, mtoto wa hapohapo aliyesomeshwa na kampuni, akamsomea mkataba: *Pua haibishwi.* Pampu ikazimwa siku tisa mpaka mti ukakatwa. Mpunga wote ukafa, na kisima chake mpaka leo ni chumvi.

Kwa hiyo harusi ile ilikuwa kubwa kwa makusudi. Ilikuwa ya kuwaonyesha kwamba hajafa. Shehia nzima ilialikwa, Haroub pia, maana mama yake na Bi Time walilelewa pamoja. Na udi ulipikwa na Bi Chumu. Wanawake walizifukiza kanga, mabuibui, hata mito. Wanaume walipitisha vifua juu ya vyetezo wakitoka wakitabasamu. "Bi Chumu leo kajishinda," kila mtu alisema. "Umetia nini humu?" Bi Chumu akacheka tu, kajaa kiburi kama jogoo.

Mize alikuwa na mafua. Hakunusa kitu.

Jumamosi asubuhi aliingia kazini, akatazama msitu.

Nyekundu. Wanawake wa kibarua walikuwa wakitembea kati ya safu kufagia majani kama kila siku, kanga zao za jana mabegani, na nyuma yao taa zilikuwa zikiwaka moja baada ya nyengine. Popote walipokaa kupumzika, popote walipopiga soga dakika kumi, nyekundu. Nyekundu. Nyekundu. Simu yake ikaanza kupiga kelele mfukoni: miti hamsini, mia, mia tatu. Ikasimama kwenye mia nne na kumi na mbili. Na tisa kati ya hiyo ilikuwa kituoni penyewe, kwenye bustani ya mbele ya ofisi.

Saa nne pampu ikanyamaza.

Mtu wa Mkiani haisikii pampu, ameshaizoea kama pumzi zake. Anasikia inapokoma. Watoto waliacha kucheza. Mtu mmoja alitoka chooni na kopo mkononi, kasimama tu. Wote wakageuka kuutazama ukuta.

Mize hakwenda ukutani. Alikwenda kwa Bi Chumu, akavua kanga ya shangazi yake kwenye kamba, akaisukumiza usoni, akavuta kwa nguvu mpaka pua yake iliyoziba ikafunguka kidogo.

"Shangazi. Umetia nini kwenye ule udi?"

Bi Chumu alikuwa akichambua mchele. Mikono ikasita.

"Yalikuwa yamekwishaanguka," alisema. "Chini. Yangeoza bure. Niliyakausha nikayaweka kwenye chupa."

"Langilangi?"

"Miaka ishirini napika udi wa sukari na vumbi la mbao, Mize! Miaka ishirini watu wananisifu kwa kitu ambacho mimi mwenyewe najua hakina roho! Maua yale yako mkononi mwangu, nami ndiye fundi, nifanye nini? Niyatupe?" Alisimama, mchele ukamwagika. "Na wewe si ulisema pua zinafumba kwa udi?"

"Zinafumba kwa moshi! Moshi! Moshi ukiisha zinafumbua. Nguo hazina moshi, shangazi, zina harufu tu. Kila aliyekuja harusini anatembea na ua mgongoni!"

Bi Chumu akakaa chini polepole. Kwa mara ya kwanza Mize akaona kwamba shangazi yake amezeeka.

"Waambie ni mimi," Bi Chumu akasema.

"Wakija watatafuta ulikoyapata. Watauona."

"Basi tufanye nini?"

Nje, mtu alipiga kelele kwamba maji yameingia kwenye mfereji wa kwanza.

*

Alikwenda kwa Bi Time mchana uleule. Hakumwambia shangazi yake. Alikuwa amekaa nusu saa mbele ya chipukizi, panga mkononi kwa mara ya pili, matunda yameanza kuwa meusi, bado siku tatu au nne. Akikata sasa, pampu inawaka leo. Asipokata, mpunga wa watu unakunywa chumvi, na si wake. Mize hakuwa na hata jaruba moja. Na hapo ndipo ilipomchoma: alikuwa akiamua juu ya shamba la mtu mwengine, akiwa kasimama kivulini.

Bi Time alikuwa bado na hina ya harusi vidoleni. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Miezi mitano," alisema hatimaye.

"Ndiyo, Bi Time."

"Miezi mitano unapita mlangoni kwangu. Shikamoo Bi Time, marahaba Mize. Umekula pilau yangu jana."

"Nilikula."

"Ungekuja kuniuliza, ningekwambia nini? Ungedhani nitasema hapana?"

"Nilidhani tukiwa wachache ndiyo salama."

"Salama ya nani? Kisima ni changu! Mpunga ni wangu!" Sasa ilikuja, sauti yote, na kuku wakatawanyika. "Pumzi walikaa huko kwao wakaamua mambo yangu bila kuniuliza. Nikasema, wale ni wageni, hawanijui. Wewe unanijua! Nimekukata kitovu, Mize! Nambie basi, wewe na wao mna tofauti gani? Wao wana suti na wewe una kanga?"

Machozi yakamtoka Mize, akayaacha.

"Ndiyo maana nimekuja," alisema. "Panga hili hapa. Ukisema nikate, nakata sasa hivi. Sina haki ya kuamua."

Akaliweka panga miguuni pa Bi Time.

Bi Time alilitazama. Akatazama shamba lake, maji yanametameta palipokuwa pakavu asubuhi. Adhana ya alasiri ikaanza, ikaisha.

"Ile pua iliyoniulia mpunga mwaka ule," alisema, taratibu sasa. "Ilinusa nini?"

"Sijui. Pengine mafuta ya nywele ya mtu. Zinakosea mara nyingi. Wanajua."

"Wanajua."

"Wanajua, Bi Time. Wanatumiana barua."

Bi Time akainama, akaliokota panga, akalipima mkononi. Kisha akalichomeka kwenye makuti ya paa lake.

"Waite wanawake wote waliokuja harusini," alisema. "Waambie wafue. Kanga, mabuibui, mashuka, kila kilichofukizwa. Leo, kabla jua halijazama. Wakiuliza kwa nini, waje waniulize mimi, nitawaambia ukweli wote, na kila mtu atasema lake. Halafu ndiyo tutajua."

*

Haroub alikuja Jumapili saa tisa, kwa gari ya kampuni, na akasimamisha mbele ya nyumba ya pampu ambako shehia nzima ilikuwa inamsubiri. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na tano, uso wa usingizi mchache, na alivaa koti lake zuri, lilelile la harusini. Mlangoni mwa nyumba ya pampu palikuwa na mlangilangi mmoja wa maonyesho, pua yake kijani.

"Shikamooni wazee wangu."

Wachache waliitikia.

"Sitaki kuwasomea mkataba, mnaujua. Mia nne na kumi na mbili! Ng'ambo wamenipigia usiku kucha. Najua haiwezekani ichanue yote. Upo mti mmoja, mtu kauficha, harufu imesambaa. Nionyesheni mmoja huo, naukata, pampu inawaka leo, na ile mengine naifuta. Hii ni huruma yangu, si ya kampuni." Akamgeukia Mize. "Mize, wewe ndiye mwenye msitu. Nani?"

Mize alifungua mdomo. Bi Chumu, pembeni yake, alimshika mkono kwa nguvu. Lakini Haroub alikuwa ameshageuka tena, kwa maana alimwona aliye bora zaidi wa kumuuliza.

"Bi Time. Mama yangu. Maji yako magotini kwenye mpunga wako. Mara hii usiumie kwa ajili ya mtu mwengine. Kuna mti?"

Bi Time alimtazama Mize.

"Upo," Bi Time akasema.

Watu waliguna kwa pamoja.

"Ipo mia nne na kumi na mbili," Bi Time aliendelea. "Pua haibishwi. Si ndivyo ulivyonisomea? Basi ikate. Mkataba umesema ukate yote. Anzia na ile tisa ya ofisini kwako."

Kicheko kilipita, kifupi, kikali.

"Bi Time, tusifanye mzaha..."

"Nani anafanya mzaha? Mwaka ule nilipanda mtini na miaka yangu hamsini, nikakuonyesha tawi kwa tawi, nawe ukaniambia pua haikosei! Leo imesema mia nne. Lete misumeno! Tutakusaidia kubeba!"

"Nikikata mia nne hakuna Pumzi kisiwa hiki!"

"Ndiyo tunajua," alisema Bi Chumu kwa utamu.

Ndipo mtoto mmoja akanyoosha kidole. Pua ya mti wa mlangoni, hatua mbili kutoka begani kwa Haroub, ilikuwa imegeuka manjano.

Haroub akaiona. Akasogea hatua tano upande wa gari, na baada ya muda taa ikarudi kijani. Akarudi. Manjano. Nguo za watu wote pale zilikuwa zimefuliwa, zinanuka sabuni ya mche. Yeye peke yake, jamani, yeye na koti lake. Polepole, kama mtu anayeogopa atakachokuta, akaishusha pua yake mwenyewe kwenye ukosi, akanusa.

"Udi," alisema. "Ni udi wa harusi. Umo kwenye nguo! Ndiyo mia nne zote, ni nguo!" Alikuwa karibu anacheka kwa nafuu. "Hakuna ua. Pua zimechanganya udi na ua."

"Unasema zimekosea?" Bi Time akauliza.

Cheko likamkauka mdomoni.

Biharusi mwenyewe, bado na hina mpaka viwikoni, alikuwa kasimama mbele kabisa na simu yake juu, anamrekodi. Pua ile pale ilikuwa manjano. Dakika kumi. Na ikiwaka nyekundu mbele ya shehia nzima, kwenye mti ambao kila mtu anauona hauna kitu, kuna neno gani tena?

"Nakuuliza, Haroub mwanangu. Pua inaweza kukosea?"

Aliitazama taa. Aliutazama ukuta, maji nyuma yake. Mize aliona anavyohesabu kichwani: tisa za ofisini, mia nne, kazi yake, nyumba aliyojengewa. Karibu amwonee huruma.

"Inaweza," alisema.

"Sauti."

"Inaweza kukosea!"

"Na mwaka ule? Wangu?"

Haroub akainamisha kichwa. Hakujibu, lakini simu ilichukua kimya chake chote, na jioni ile kisiwa kizima kilikiona. Kabla ya jioni aliingia nyumba ya pampu, akakubali kwa kidole chake kwenye mashine kwamba pua zote za Mkiani zimeharibika, hazifai, mpaka zitakapokaguliwa. Pampu ikakohoa, ikanguruma. Watu walikumbatiana.

Mize alibaki kasimama. Ilikuwa inamchekesha na kumkera kwa wakati mmoja. Miaka yote zile pua ziliongopa, zikaaminiwa kama malaika. Siku moja tu zilisema kweli, zimenusa langilangi halisi, na siku hiyo ndiyo zikaitwa waongo.

Jumatano matunda yalikuwa meusi. Mize alikuwa akiyachuma ndani ya kikapu, pua ya themanini na nane imezimika juu ya kichwa chake, aliposikia hatua. Bi Time alikuja peke yake, miguu ina tope la chumvi mpaka magotini. Theluthi ya mpunga wake ilikuwa imekufa.

Aliutazama mti. Hakuwahi kuuona.

"Mdogo hivi," alisema.

"Mdogo."

"Sijakusamehe."

"Najua, Bi Time."

Bi Time akafungua pindo la kanga yake, akalinyoosha. Mize akatia tunda moja, akangoja. Pindo halikufungwa. Akatia la pili. Bi Time akafunga fundo, akalikaza kwa meno.

"Nitaupanda pale walipoukata wa mwaka ule," alisema. "Na siku nyengine ukitaka kutuokoa, unakuja kwanza kunigongea mlango."

"Nitagonga."

"Asubuhi lakini. Mchana nalala."

Akaondoka kati ya miti bubu, mkono mmoja ukishika fundo.